Sajenti Aliyefufuka na Koplo Aliyesahauliwa

Jumanne, 11 Novemba

Nimepalilia maharagwe mpaka saa kumi. Mgongo unauma. Nimeoga, nimefungia kuku, nimefuta vumbi kwenye kioo cha televisheni kwa sababu Susu, nyanya yangu ninayekaa kwake likizo hii, hataki wageni waone vumbi kwake. Saa moja wanawake wakaanza kuingia na viatu vyenye matope. Nikakaa kwenye kigoda changu kando ya televisheni. Hapo ndipo mahali pekee ambapo mimi huongea mbele ya watu.

Kipindi kinaitwa Mahakama ya Kambi. Kila Jumanne na Alhamisi. Wanajeshi wanashtakiana kwa Kiingereza cha haraka na Kiswahili cha Nairobi. Susu na majirani zake hawafuati lugha hizo zikikimbizwa hivyo, kwa hiyo mimi nageuza kwa Kikamba. Naifanya kazi hii kwa makini zaidi kuliko Hesabu. Sifupishi. Siongezi. Mtu akisema labda, nasema labda.

Wote wanamfuatilia Koplo Mutinda. Ameshtakiwa kuacha lindo usiku ambao ghala la silaha lilivunjwa. Jina lake ni letu, kwa hiyo wanawake wameamua ni kijana wetu, labda wa upande wa Kitui, kwa sababu ya urefu. Mwigizaji mwenyewe sijui kama hata anajua neno moja la Kikamba.

Leo bandeji yake ilikuwa mkono wa kulia. Alhamisi iliyopita ilikuwa wa kushoto. Niliona mara moja. Mama Mwende, jirani wa Susu, naye akaona.

"Ndinda, si ulisema aliumia wa kushoto?"

Nikasema ndiyo.

"Basi huu?"

Akacheka, akasema mtoto anachanganya kushoto na kulia. Lakini mkono haukuhitaji mkalimani! Mkono walikuwa wanauona wenyewe!

Alhamisi, 13 Novemba

Sajenti Barasa amekufa. Lori limepinduka kwenye kona. Yeye peke yake ndiye aliyemwona Mutinda usiku ule akimbeba mwenzake mgonjwa kumpeleka zahanati ya kambi. Ndiyo maana hakuwa kwenye lindo. Sasa hakuna shahidi. Wamemzika Barasa kwa heshima, risasi hewani, bendera imekunjwa na kupewa mjane.

Nilitafsiri maneno ya kasisi polepole. Wanawake walilia. Mama Mwende alilia kwa leso. Baadaye Susu akaniambia nimefanya vizuri. Susu hasemi hivyo mara nyingi. Mama yangu, ambaye ni binti yake, anasema hakuambiwa hivyo hata siku ya harusi.

Kipindi kizuri sana. Nimefurahi mpaka usingizi umechelewa.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua. Nimesoma siku nzima. Naifikiria kesi. Bila Barasa, wakili wa Mutinda, Kapteni Halima, atalazimika kumtafuta yule askari mgonjwa aliyebebwa. Yuko wapi? Mbona hatujawahi kuambiwa hata jina lake? Natumaini waandishi wanajua wanachofanya.

Jumanne, 18 Novemba

Hawajui.

Kapteni Halima amepokea simu kutoka kwa mama yake aliyeko Garissa. Mama yake! Kipindi cha pili alimwambia Mutinda kwamba alilelewa na shangazi kwa sababu wazazi wote walikufa akiwa mdogo. Alilia. Mutinda alilia. Ndipo akakubali awe wakili wake. Urafiki wao wote umesimama juu ya huo uyatima. Leo anasema, "Mama, nitakuja Idi."

Nikatafsiri. Ningefanya nini? Amesema mama, nikasema mama.

Kisha wote wakanigeukia mimi. Si televisheni. Mimi.

"Ulituambia ni yatima."

"Yeye ndiye alisema."

"Na sasa?"

"Sasa amesema mama."

"Aiya! Mtu anaweza kuwa yatima na ana mama?"

Mama Mwende akasema huenda ni shangazi, na mimi nimekosea neno. Nikasema hapana, ni mama. Akauliza kama shuleni kwetu Kitui wanatufundisha Kiingereza au tunajifundisha wenyewe. Walicheka. Nami nikacheka kidogo, kwa woga. Ninajichukia kwa kile kicheko.

Mtu fulani Nairobi analipwa kuandika vitu hivi. Ana meza. Ana muda. Hawezi kukumbuka kama mtu wake ana mama?

Alhamisi, 20 Novemba

Siwezi kuandika vizuri.

Barasa yuko hai.

Yuko kwenye mesi ya askari anakunywa chai. Hakuna aliyeshtuka. Wenzake wanampigia hadithi za likizo. Si ndoto, si kumbukumbu, nilingoja waseme ni kumbukumbu, nilingoja mpaka mwisho. Anakunywa chai tu. Tena ana kovu jipya shingoni ambalo hakuna anayeliuliza. Mjane wake? Bendera? Risasi? Tulimzika!

Mama Mwende akasimama. Akasimama kabisa.

"Huyu si ndiye tulimlilia?"

Nikasema ndiye.

"Ulisema amekufa."

"Alikufa."

"Ndinda. Mtu aliyekufa anaweka sukari?"

Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Halafu kicheko kikaisha, wakaanza kuniuliza kwa ukali. Kama sikusikia vizuri, kwa nini sikusema? Kwa nini niliwaliza bure? Mmoja akasema labda alijeruhiwa tu, mimi nikasikia kufa. Nikasema jeneza mliliona. Akasema jeneza aliliona, lakini aliyekuwa ndani aliambiwa na mimi.

Nilimtazama Susu. Nilingoja aseme neno moja. Angesema, "Mtoto hajakosea." Hakusema. Alikuwa anaangalia chai ya Barasa.

Jambo baya zaidi ni kwamba Barasa yuko hai na hakuna aliyemwita mahakamani. Shahidi amefufuka, kesi inaendelea bila shahidi, na Mutinda anakaa mahabusu. Si mesi iko hapo tu, upande wa pili wa ukuta wa mahakama? Mwite! Mwite mtu!

Ijumaa, 21 Novemba

Nina hasira na Mama Mwende. Nina hasira na waandishi. Nina hasira na Susu kuliko wote. Nimeosha vyombo kwa kelele. Hakuuliza.

Kitabuni unaweza kurudi nyuma. Unafungua ukurasa, unamwonyesha mtu: tazama, hapa alikufa. Televisheni ikishapita imepita. Ushahidi wote ni mimi, na mimi ndiye mshtakiwa.

Ningekuwa mwongo ingekuwa rahisi. Ningesema mama wa Halima ni shangazi. Ningesema Barasa alipona. Wangenipenda. Ninachoadhibiwa ni kusema kilichosemwa.

Jumapili, 23 Novemba

Kanisani. Mhubiri mgeni kutoka Malili, anahubiri kwa Kiingereza. Mkalimani ni binamu yangu Kyalo. Siku za kazi ni mtu wa bodaboda, Jumapili anavaa tai.

Leo nilisikiliza lugha zote mbili. Mhubiri alisema, "God sees the widow." Kyalo akasema Mungu anamwona mjane, anawaona majirani wanaosogeza mpaka wa shamba lake usiku, anaona jembe lao, anajua hata walilinunua wapi. Wanawake walipiga makofi. Mhubiri alishangaa jinsi sentensi yake ilivyopokelewa. Akamgeukia Kyalo, akatabasamu, akaendelea.

Anapoinua mkono Kyalo anainua mkono. Akiruka anaruka. Nusu ya mahubiri ilikuwa ya Kyalo. Hakuna aliyejali.

Baada ya ibada nikamwona Mama Mwende amemshika Kyalo kiwiko, wanaongea. Nikajua.

Jumanne, 25 Novemba

Kyalo alikuja na mafuta kichwani, amechana nywele. Susu akamwekea kigoda changu. Susu mwenyewe, kwa mikono yake. Mimi nikakaa mlangoni pa jikoni, kama mtu anayengoja maji yachemke.

Kyalo hakuwa ametazama hata kipindi kimoja. Hakuna shida! Barasa alipotokea akasema kwa uhakika wote, "Huyu ni pacha wake. Amehamishwa kutoka kambi ya Isiolo." Wanawake wakasema aaaah. Mama Mwende akasema ndiyo maana, hata masikio ni tofauti. Masikio ni yale yale! Ni mtu yule yule!

Halima akapiga simu. Kyalo akasema huyo ni mama mlezi. Aaaah.

Mwendesha mashtaka, ambaye tangu mwanzo ni Meja, leo alikuwa na nyota za Luteni begani. Kyalo akasema ameshushwa cheo kwa kumwonea kijana wetu. Nusura waimbe.

Nikasema, "Hawajasema hivyo."

Nilisema kwa sauti. Kwangu ilikuwa sauti. Kyalo alisikia.

"Ngojeni, mwalimu mkuu amenisahihisha!"

Wakacheka. Na si kicheko kibaya, hilo ndilo linaniudhi. Walinicheka kwa upendo, kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Na katika yote hayo Mutinda alionekana mara moja tu. Amekaa kitandani mahabusu, anaangalia dirisha. Hakusema kitu. Kyalo akasema anamuomba Mungu. Hakufungua mdomo!

Jumatano, 26 Novemba

Nilimkuta Kyalo kwenye kijito akiosha pikipiki. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yakatoka kwa fujo. Nikamwambia anadanganya. Nikamwambia hakuna pacha, hakuna Isiolo.

Hakukasirika. Alisugua tairi.

"Ndinda, wale mama wanapanda mlima huo baada ya kulima kutwa. Niwaambie nini? Kwamba aliyeandika amesahau?"

"Ndiyo. Kwa sababu amesahau."

"Mhubiri naye husahau. Anaanza na Musa, anamaliza na bei ya mbolea. Mimi humfikisha. Nani amewahi kulalamika?"

Nikasema mimi. Akacheka mpaka akaweka kitambaa chini. Akasema nikimaliza shule nitakuwa jaji na yeye ataniogopa sana. Akanipa lifti mpaka kwa Susu. Sikutaka lifti. Nilipanda kwa sababu mlima ni mkali na nilikuwa nimechoka kuwa na hasira kwa miguu.

Hasira bado ipo.

Alhamisi, 27 Novemba

Wametangaza Jumanne ni kipindi cha mwisho. Leo karibu saa nzima ilikuwa ya Kanali, mkuu wa kambi, na mchumba wake wakichagua keki. Mutinda hakuonekana kabisa. Kapteni Halima alikuwepo, anajaribu gauni la msimamizi wa bi arusi. Wakili wa mtu aliyeko mahabusu anajaribu gauni.

Kyalo akawaambia ni mbinu. Anajipendekeza kwa Kanali ili amtoe kijana.

Nilikwenda nje kuangalia kuku. Kuku walikuwa salama.

Jumapili, 30 Novemba

Wanawake wanasalimiana nje ya kanisa kwa kuulizana ya Mutinda. Atatoka Jumanne? Atatoka. Mama Mwende amesema atakuja na chapati, tule akitoka. Sikujua mtu anaweza kuwaonea huruma watu anaowakasirikia. Wanamngoja kweli. Na mimi namngoja kweli. Tofauti ni kwamba mimi naogopa.

Jumanne, 2 Desemba

Imeisha.

Niandike kama ilivyokuwa, kwa mpangilio, kwa sababu hakuna mwingine atakayefanya hivyo.

Harusi ya Kanali. Kanisa la kambi, panga za askari zimeinuliwa juu, maharusi wanapita chini yake. Barasa alipiga tarumbeta. Jaji alicheza. Meja, ambaye leo ni Meja tena, alicheza na Kapteni Halima, aliyekuwa adui yake wa kesi yote, na hakuna aliyesema walipatana lini. Hotuba ya Kanali juu ya familia ya jeshi, kwamba hakuna askari anayeachwa nyuma. Makofi. Keki. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Mutinda hakuwepo. Hakuna aliyemtaja. Hakuna hukumu, hakuna rufaa, hakuna mtu aliyemtaja hata kwa kusema "yule jamaa wa lindo". Hakuna askari anayeachwa nyuma! Walisema hivyo na mtu wao yuko mahabusu!

Lakini wakati wa hotuba Kyalo alisimama kutoka kwenye kigoda. Akainua mkono kama Kanali alivyoinua. Akasema, "Na leo, kwa furaha ya harusi yangu, namwachilia Koplo Mutinda, arudi kwa mama yake!"

Vigelegele. Sijawahi kusikia nyumba hii na sauti kama ile. Mama Mwende alirusha leso. Chapati zikafunuliwa.

Nikasimama. Miguu ilisimama kabla yangu.

"Hajaachiliwa."

Hawakusikia. Nikapiga kelele. Mimi, ambaye darasani huwa naulizwa kama nipo.

"Hajaachiliwa! Hawajasema! Hawajamtaja hata mara moja! Wamemwacha ndani na wamekula keki!"

Televisheni ilikuwa inatangaza sabuni.

Mama Mwende akanitazama. Hakuwa na mzaha tena.

"Ndinda. Kijana wa watu amekukosea nini? Mbona unamtakia mabaya?"

Nilikuwa nalia, na kwao kulia kulikuwa ni ungamo. Kyalo akaangalia chini. Angalau hilo. Nikapita katikati yao nikaenda jikoni, nikakaa sakafuni kando ya gunia la mahindi. Nikawasikia wakila. Hakuna aliyenijia.

Mimi ndiye pekee humu ndani aliyemtaka atoke kwa haki. Kwa shahidi. Kwa jaji kusema kwa mdomo wake. Na mimi ndiye ninayemtakia mabaya.

Jumatano, 3 Desemba

Susu alinikuta shambani asubuhi. Alianza kupalilia mstari ulio karibu na wangu bila salamu. Tulifika mwisho wa mstari, tukageuka. Kisha akauliza kama Kanali alisema kweli.

Nikasema nimeshasema. Mbele ya wote.

Akasema, "Nakuuliza tena."

"Hakusema, Susu."

Akang'oa gugu, akatikisa udongo. Akasema alijua. Kiingereza hakijui, lakini jina Mutinda analijua likipita, na jana alikaa ametega sikio kwa ajili ya jina hilo tu, kuanzia mwanzo mpaka sabuni. Halikupita. Alilisikia kwa Kyalo peke yake. Na siku ya mazishi alisikia jina la Barasa mara nyingi, na mjane alimwona akipewa bendera, kwa hiyo alijua pia kwamba sikukosea siku ile.

Nilitupa jembe. Sikumtupia, lakini nililitupa. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Wiki mbili zote. Kigoda alimpa Kyalo kwa mkono wake mwenyewe. Waliniita mwongo nyumbani mwake.

Akang'oa gugu jingine. Kisha akasema wale ni wageni wake. Mume wake alipokufa walikuja kila siku mpaka mavuno. Wakifurahi kwake hawezi kuwanyang'anya furaha wakiwa wameketi. Na mimi nina miaka mingi ya kuaminiwa mbele yangu.

Nikasema hilo si jibu.

Akasema, "Si jibu. Okota jembe."

Nikaokota. Tulipalilia mpaka jua likawa kali. Sikumsamehe. Sijui kama aliniomba.

Alhamisi, 4 Desemba

Hakuna kipindi leo. Saa moja ilipofika hakuna aliyekuja. Susu aliacha televisheni imezimwa.

Mama amepiga simu kutoka mji wa Salama, kwenye barabara kuu. Magari ya Krismasi yameanza kujaa barabarani, anahitaji mtu wa kumsaidia kuuza matunda. Nitashuka kesho.

Mama Mwende amemtuma mwanawe na chapati zilizobaki, zimefungwa vizuri kwenye karatasi. Hakutuma neno. Nimekula moja. Ilikuwa ngumu.

Ijumaa, 5 Desemba

Salama. Naandika nyuma ya kibanda cha Mama, malori yanapita.

Asubuhi Kyalo alikuja kunichukua mapema. Alizima pikipiki, akasubiri nje na kofia yake mkononi. Hakutania. Susu akanivuta ndani, akafunga mlango, tukasimama kwa ajili ya sala ya safari. Aliombea mlima na utelezi wake. Aliombea breki za Kyalo. Aliombea Mama na biashara, na mtihani wangu wa mwaka ujao, na maharagwe.

Nikadhani amemaliza. Nikaanza kusema amina.

Akaendelea. Kwa sauti ile ile ya maharagwe akasema, na yule kijana Mutinda, Baba, ambaye wamemwacha ndani.

Nilifungua macho. Yake yalikuwa yamefungwa. Nje Kyalo alikohoa.

Amina, nikasema. Nikabeba begi.